Samahani, na Zile Pesa Je?

Desemba 15, 1782, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, Charles Gravier, Comte de Vergennes, aliandika barua fupi yenye hasira iliyopigwa pasi. Ilikuwa inakwenda Passy, kijiji cha nje kidogo ya Paris, kwa mzee wa miaka 76 aitwaye Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani. Waziri alisema ameshindwa kuelewa mwenendo wa Franklin na wenzake. Wametia saini makubaliano ya awali ya amani na Waingereza bila kumpa taarifa, ilhali maagizo ya Kongresi, bunge lao wenyewe, yanawakataza kufanya lolote pasipo mfalme wa Ufaransa kushirikishwa. Halafu akaendelea hivi: "Wewe, bwana, ni mtu wa hekima na busara; unajua vyema adabu inataka nini; maisha yako yote umetimiza wajibu wako. Nakuomba utafakari unakusudia kuutimiza vipi ule unaompasa mfalme."

Msomaji wa haraka atadhani Franklin amesifiwa. Sumu iko mkiani: utakapopenda kuniondolea mashaka haya, nitamwomba mfalme aniwezeshe kujibu maombi yako. Maombi yenyewe yalikuwa mkopo mpya wa milioni 20 za livre, fedha ya Ufaransa ya enzi hizo. Kwa maneno mengine, Wamarekani walikwenda kwa Mwingereza kupitia mlango wa uani, wakamalizana naye, kisha wakaja kubisha hodi kwa Mfaransa mlango wa mbele na kikapu mkononi.

Mimi ugali wangu kwa miaka mingi umetokana na kuandika maandiko ya miradi na barua za kuomba ruzuku. Najua jinsi mtu anavyopima kila nukta pale anapomwandikia anayeshika mfuko wa fedha. Barua za Franklin na Vergennes siku hizi zinasomeka bure mtandaoni, na nimezipitia kama fundi cherehani anavyopindua koti la fundi mwenzake kuangalia mishono. Kwa maoni yangu jibu la Franklin la Desemba 17 ndilo barua bora ya maombi iliyowahi kuandikwa, na sababu yake si ufasaha. Franklin alijua kitu kimoja ambacho wenzake hawakukijua: yule anayekudai shukrani naye ana mahitaji yake, na barua nzuri huyagusa hayo mahitaji bila kuyataja kwa sauti.

Ili mtu aonje utamu wa barua ile, lazima ajue walivyofika hapo.

Vergennes hakuwa mgeni wa karatasi. Alikuwa balozi wa Ufaransa Konstantinopoli kuanzia 1755 hadi 1768, kisha Sweden, na tangu 1774 alikuwa waziri wa mfalme Louis XVI. Ufaransa ilikuwa na kidonda cha 1763, ilipopokonywa Kanada baada ya vita na Uingereza. Makoloni ya Marekani yalipoasi, Vergennes hakuona uhuru wala haki za binadamu. Aliona nafasi ya kumkata Mwingereza mkono. Juni 1776, kabla hata tangazo la uhuru halijatoka, hazina ya Ufaransa ilikwishatoa livre milioni moja kwa siri kupitia kampuni ya uongo, Roderigue Hortalez et Compagnie, iliyoendeshwa na Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia ambaye zamani alikuwa fundi saa. Kampuni haikuwa na biashara yoyote ya kweli zaidi ya kupeleka baruti na bunduki.

Franklin alitua Ufaransa Desemba 1776, na wajukuu wawili na kofia ya manyoya ambayo Wafaransa waliipenda kupita kiasi. Alikuwa mmoja wa wajumbe watatu, pamoja na Silas Deane na Arthur Lee. Walikutana na Vergennes kwa siri siku chache kabla ya mwaka mpya. Kwa mwaka mzima waziri aliwapa maneno matamu na fedha za chini ya meza, lakini si mkataba. Hakutaka kuoa bibi harusi ambaye huenda kesho angerudi kwa mume wake wa kwanza.

Kilichobadilisha mambo ni Saratoga. Jenerali Burgoyne wa Uingereza alisalimu amri huko, Oktoba 17, 1777, na habari ikafika Passy Desemba 4. Siku 48. Mjumbe aliyeileta, Jonathan Loring Austin, hakuwa hata ameshuka vizuri kwenye gari la farasi Franklin alipomuuliza kuhusu Philadelphia, mji wa Kongresi: je, umetekwa kweli? Ndiyo, akasema Austin. Mzee akageuka aondoke. Ndipo Austin akamwambia kwamba ana habari kubwa kuliko hiyo: Burgoyne na jeshi lake lote ni mateka. Februari 6, 1778, mikataba miwili ikatiwa saini, mmoja wa urafiki na biashara, mwingine wa muungano. Huo wa pili ulikuwa na kifungu cha nane, na hicho kishikeni: hakuna upande utakaofanya amani na Uingereza bila kupata kwanza ridhaa rasmi ya mwenzake.

Hapa nichepuke kidogo, maana kuna jambo kuhusu barua za enzi hizo ambalo huwa linasahaulika. Tunazisoma leo zimepangwa kwa tarehe, ya kwanza, ya pili, jibu, jibu la jibu, tukadhani watu walikuwa wanazungumza. Hawakuwa wanazungumza. Barua ya Philadelphia ilichukua majuma sita, nane, au zaidi, ikifika. Ile muhimu iliandikwa nakala tatu au nne na kupakiwa meli tofauti, kwa sababu meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimejaa baharini. Mfuko wa barua uliwekwa kitu kizito ndani ili ukitupwa uzame. Henry Laurens, aliyewahi kuwa rais wa Kongresi, alikamatwa karibu na Newfoundland Septemba 1780 akiwa njiani kwenda Uholanzi. Akautupa mfuko wake majini. Ukaelea. Mabaharia wa Kiingereza wakauvua kwa ndoano, na ndani wakakuta rasimu ya mkataba na Waholanzi. Kabla ya mwaka kwisha Uingereza ikawa imetangaza vita dhidi ya Uholanzi. Laurens mwenyewe akafungwa katika Mnara wa London zaidi ya mwaka.

Afadhali iliyokamatwa baharini kuliko iliyosomwa nyumbani. Katibu wa wajumbe kule Passy alikuwa Dakta Edward Bancroft, mzaliwa wa Massachusetts, mwanasayansi, mcheshi, rafiki wa Franklin. Alikuwa jasusi wa Uingereza. Utaratibu wake umeandikwa kwenye karatasi za mabosi wake na hauhitaji chumvi: aliandika barua ambazo kwa nje zilisomeka kama mambo ya mapenzi, na katikati ya mistari akaandika taarifa kwa wino usioonekana. Barua ikawekwa ndani ya chupa, chupa ikafungwa kamba shingoni, ikashushwa kwenye tundu chini ya mti katika bustani ya Tuileries. Kila Jumanne usiku, baada ya saa tatu na nusu, mtu wa ubalozi wa Uingereza alipita akaichukua na kuacha nyingine. Mkataba wa 1778 uliotakiwa kuwa siri ulijulikana London ndani ya siku chache. Arthur Lee, mtu aliyemshuku kila kiumbe, alimshuku pia Bancroft, na safari hiyo alikuwa sahihi; ila hakuna aliyemsikiliza, na katibu wake Lee mwenyewe naye alikuwa jasusi. Bancroft alikufa 1821 na heshima zake zote. Ukweli ulitoka 1889.

Kuna jingine linalonichekesha kila nikilikumbuka. Vuli ya 1777 wajumbe walikusanya barua zao za miezi mingi, ikiwemo mawasiliano kuhusu Wafaransa, wakamkabidhi nahodha John Folger azipeleke Amerika. Njiani nahodha mwingine, Joseph Hynson, akiwa amenunuliwa na Waingereza, akazichomoa barua na kuweka karatasi tupu mahali pake. Januari 1778 Kongresi, iliyokuwa imekimbilia mji wa York huko Pennsylvania, ikafungua kifurushi kwa hamu ikakuta karatasi nyeupe. Rundo zima.

Franklin aliyachukuliaje haya? Bibi mmoja alipomwonya mapema kwamba amezungukwa na wapelelezi, alimjibu Januari 1777 kuwa yeye ana kanuni moja: asifanye jambo ambalo angeona haya likijulikana. Akaongeza kwamba hata kama angekuwa na uhakika mtumishi wake ni jasusi, kama pengine alivyo, asingemfukuza kwa hilo ikiwa kwa mengine anampenda. Wapo wanahistoria wanaoona huu ulikuwa uzembe. Wengine wanaona ujanja: Waingereza wakijua jinsi Ufaransa ilivyokaribia kusaini, wataogopa, na Wafaransa wakijua Waingereza wanajua, wataharakisha. Mimi nimo kwenye kundi la pili kwa nusu. Nusu nyingine inasema meza ya mzee ilikuwa vurugu, na watu wengi walioingia Passy walilalamikia karatasi zilizozagaa ovyo.

Sasa twende kwa John Adams, mjumbe mwingine wa Marekani, maana bila yeye hatutaelewa Franklin alikuwa anakwepa nini.

Adams alirudi Paris Februari 1780 na hati za Kongresi za kujadili amani na Uingereza, siku ikifika. Haikuwa imefika. Hakuwa na kazi, na mtu mwenye bidii asiye na kazi ni hatari kwenye ubalozi wowote. Kiangazi kile akaanza kumwandikia Vergennes. Kwanza kuhusu sarafu: Kongresi ilikuwa imeamua Machi 1780 kukomboa noti zake kwa kiwango cha 40 kwa 1, wafanyabiashara wa Ufaransa wakalia, Vergennes akataka wao watofautishwe, na Adams akamwelimisha kwa kurasa nyingi kwa nini haiwezekani. Kihesabu Adams alikuwa na hoja. Kisha akahamia jeshi la majini: Ufaransa ipeleke manowari zaidi Amerika, na akaeleza wapi. Barua juu ya barua, nyingine ikiwa imefuata nyingine kabla wino haujakauka. Na kote mle ndani mlikuwa na wazo lile lile: ninyi mnafaidika na vita hii kama sisi, kwa hiyo tusisumbuane na mambo ya shukrani.

Julai 29 Vergennes akafunga mlango. Mfalme, aliandika, hakuhitaji maombi ya Bwana Adams ili aangalie maslahi ya Marekani. Na mwenye hati za utambulisho mbele ya mfalme ni Bwana Franklin peke yake, hivyo ni naye tu nitakayeshughulika. Kisha akafunga barua zote kwenye kifurushi, akampa Franklin, akamtaka azipeleke Kongresi.

Franklin alizipeleka, na akaambatanisha maelezo yake ya Agosti 9, 1780. Hapo ndipo anatoa siri ya kazi. Adams, anasema, anadhani Marekani imeshukuru mno, na kwamba wanaodaiwa ni Wafaransa. Mimi, anaandika, nadhani amekosea uwanja anaosimama. Baraza hili la mfalme linataka heshima na ulaini. Mfalme ni kijana mwema, na anapata raha akifikiri kwamba amewasaidia watu wanaoonewa. Kumkumbusha raha hiyo, Franklin anaona, ni haki na ni faida kwetu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkumbuka mkurugenzi mmoja niliyewahi kufanya kazi chini yake. Alikuwa anamwandikia mfadhili barua pepe za aya kumi na mbili kuthibitisha kwamba masharti ya ruzuku ni ya kijinga. Yalikuwa ya kijinga kweli. Ruzuku haikuhuishwa.

Lakini tusimwonee Adams. Miaka miwili baadaye shaka yake ikaonekana ina mizizi. Balozi wa Ufaransa Philadelphia, Chevalier de la Luzerne, alikuwa amejipenyeza Kongresi hadi maagizo ya Juni 1781 kwa wajumbe wa amani yakatoka na sentensi ya kudhalilisha: msifanye lolote katika mazungumzo bila Wafaransa kujua na kukubali, na mwishoe mfuate ushauri na maoni yao. Taifa linapigania uhuru wake kisha linamkabidhi waziri wa nchi nyingine kalamu. John Jay, mmoja wa wajumbe hao, aliyefika Paris Juni 1782 akitoka Madrid ambako Wahispania walimzungusha kwa zaidi ya miaka miwili, aliposoma maagizo hayo alichemka. Husimuliwa kwamba Franklin alimuuliza kama kweli angevunja maagizo ya Kongresi, na Jay akasema: kama ninavyovunja kiko hiki. Akakitupa mekoni.

Septemba Jay akagundua kwamba Vergennes amemtuma msaidizi wake, Gérard de Rayneval, kwenda Uingereza kwa siri. Wakati huo huo Waingereza, kwa ukarimu wao, wakampenyezea barua ya mwanadiplomasia wa Kifaransa aliyekuwa Philadelphia, waliyoinasa, ikipinga madai ya Marekani ya uvuvi Newfoundland. Jay akamtuma mtu wake London bila kumwambia Franklin, ambaye kipindi hicho alikuwa kitandani akisumbuliwa na mawe ya figo. Adams akafika mwishoni mwa Oktoba, akamwambia Franklin waziwazi kwamba yuko na Jay. Mzee alisikiliza tu. Walipokutana tena na Waingereza, akamgeukia Jay na kusema anakubaliana naye, na ataendelea na kazi bila kuliuliza baraza la mfalme wa Ufaransa kule Versailles. Hiyo tunayo katika shajara ya Adams, mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumpamba Franklin.

Novemba 29 jioni Franklin alimwandikia Vergennes mistari michache: wajumbe wameafikiana na Bwana Oswald juu ya vifungu vya awali, na kesho anatumaini kumletea nakala. Kesho yake, Novemba 30, wakatia saini kwenye nyumba aliyopanga Richard Oswald, mjumbe wa Uingereza, kisha wakaenda Passy kula chakula cha mchana. Walipata uhuru, ardhi yote hadi Mto Mississippi, na haki za uvuvi. Walipata pia kifungu cha siri kuhusu mpaka wa Florida ya Magharibi, ambacho hawakumwonyesha Vergennes hata baadaye. Waziri aliposoma vile vya wazi alimwandikia Rayneval kwamba Waingereza hawafanyi amani, wanainunua.

Siwezi kupita chumba kile bila kusimama. Mjumbe wa nne wa Marekani, yule Laurens wa mfuko ulioelea, alifika dakika za mwisho na akaongeza jambo moja kwenye kifungu cha saba: majeshi ya Uingereza yakiondoka yasichukue "Weusi wala mali nyingine" ya Wamarekani. Oswald akakubali bila tabu. Walikuwa wanafahamiana zamani. Oswald na washirika wake walimiliki kisiwa cha Bance, kwenye mto wa Sierra Leone, ngome ya kuuzia watumwa. Na Laurens, kabla ya kuwa mwanamapinduzi, alikuwa wakala wao Charleston, akiuza shehena zilizotoka huko na kula kamisheni. Mfanyabiashara na wakala wake wakakutana Paris pande mbili za meza ya amani, na kwa sentensi hiyo hawakuwa na la kubishania.

Na sisi wa pwani hii tulikuwa na karatasi yetu. Septemba 14, 1776, Mfaransa mmoja, Morice, alipata saini ya Sultani Hassan wa Kilwa kwenye mkataba wa kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja, mkataba wa miaka mia. Siku 12 baadaye Kongresi ikamteua Franklin kwenda Ufaransa. Hakuna uzi unaoziunganisha hati hizo mbili, Morice alikuwa mtu wa biashara za Kisiwa cha Ufaransa, ambacho leo ni Mauritius, na Vergennes alikuwa na mengine. Ila nikizisoma barua za Versailles zinazomsifu mfalme kwa kuwasaidia wanaoonewa, tarehe ile ya Kilwa hunijia bila kuitwa. Kwa hao wa kifungu cha saba angalau kuna la kusema: Jenerali Guy Carleton, kamanda wa Uingereza New York, alikataa kuwarudisha watu walioahidiwa uhuru, na mwaka 1783 karibu watu 3,000 waliandikwa majina daftarini wakapanda meli kwenda Nova Scotia. Baadhi yao mwaka 1792 walivuka tena bahari na kuanzisha Freetown, kilomita kama 30 tu kutoka kisiwa cha Oswald.

Turudi Desemba. Siku zilipita, Vergennes alinung'unika kwa mdomo tu. Kisha tarehe 15 Franklin akamwarifu kwamba meli iitwayo Washington iko tayari kuondoka na hati za amani, ikiwa na pasi ya kusafiria kutoka kwa mfalme wa Uingereza, na kama waziri ana barua za kutuma azilete. Na pia, kuhusu zile fedha. Hapo ndipo waziri alipoandika ile barua niliyoanza nayo.

Jibu la Franklin linaanza kwa ubaridi. Aya ya kwanza nzima ni mambo ya meli: pasi ilikujaje, waziri alisema nini kuhusu pasi, wao walielewa nini, kwa nini Kongresi ingeshangaa kusikia habari kwa watu wengine. Hakuna kuomba samahani wala kupandisha sauti. Hii ni kazi ya makusudi. Mtu aliyekuja na hasira analazimishwa kwanza kusoma ratiba.

Aya ya pili ndiyo nyama. Hakuna lililokubaliwa, anaandika, linalopingana na maslahi ya Ufaransa, na hakuna amani itakayokuwepo kati yetu na Uingereza mpaka ninyi mmalize yenu. Kisheria alikuwa na pa kushika: utangulizi wa makubaliano yale ulisema mkataba kamili utasubiri Uingereza na Ufaransa zielewane. Kisha: uliyoyasema hata hivyo yanaonekana ni ya haki, kwamba kwa kutokushauriana nawe kabla ya saini tumekosea jambo la adabu. Ona alivyolipunguza. Kifungu cha nane cha mkataba, maagizo ya Kongresi, vyote vimeyeyuka. Limebaki kosa la mgeni aliyeondoka mezani bila kuaga. Na kwa kuwa halikutokana na kumdharau mfalme, ambaye sote tunampenda na kumheshimu, tunatumaini litasamehewa, na kwamba kazi hii kubwa, iliyokaribia kukamilika na yenye utukufu kwa utawala wake, haitaharibiwa na kosa letu moja la kutofikiri. Halafu, bila kubadili sauti: na hakika jengo lote litaanguka chini papo hapo, kama kwa sababu hiyo mtakataa kutupa msaada zaidi.

Amekiri kosa dogo ambalo hakushtakiwa, akaliacha kubwa aliloshtakiwa, na kufikia mwisho wa aya anayeelekea kuharibu jengo ni Vergennes. Utukufu ni wa mfalme, lakini jengo ni la wote wawili.

Inafuata aya ya shukrani, na si ya kinafiki kabisa. Hakuna mfalme, anasema, anayependwa na raia wake mwenyewe kuliko mfalme huyu anavyopendwa na watu wa Marekani. Na mwisho, pembeni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa ameshika kitasa: Waingereza, nimesikia sasa hivi, wanajipongeza kwamba tayari wametugawa. Natumaini kutoelewana huku kudogo kutabaki siri, na kwamba watajikuta wamekosea kabisa.

Basi. Hakuna neno tishio. Lakini Vergennes alikuwa ameshatumia mamia ya mamilioni ya livre kumtenganisha Mwingereza na makoloni yake. Akiwanyima Wamarekani sasa, London itajua kabla ya jua kuzama, pengine kwa kalamu ya Bancroft, na kazi yote ya miaka sita itakwenda na maji. Mdaiwa akishadaiwa vya kutosha, mdai hana tena pa kwenda.

Je, hasira ya waziri ilikuwa ya kweli? Nadhani ilikuwa ya kweli siku moja na ya kazi siku zilizofuata. Septemba mashambulizi makubwa dhidi ya Gibraltar, ngome ya Waingereza, yalikuwa yameshindwa, hazina ilikuwa inavuja, naye alikuwa amefungwa na ahadi kwa Hispania ya kupigana hadi ngome hiyo ipatikane. Wamarekani kujitoa kulimpa sababu ya kuwaambia Wahispania kwamba haiwezekani tena. Lakini kwa La Luzerne, Desemba 19, aliandika bila barakoa: tukiupima wakati ujao kwa tuliyoyaona kwa macho yetu hapa, tutalipwa vibaya kwa yote tuliyoifanyia Marekani. Fadhila za punda, kwa kifupi. Kisha siku mbili baadaye akamwandikia tena kwamba hataki kulifanya jambo hilo kuwa malalamiko rasmi.

Fedha zilitoka. Si milioni 20. Sita, kwa awamu. Livre 600,000 za kwanza zilipakiwa kwenye ile ile Washington yenye pasi ya Kiingereza. Nahodha Joshua Barney alifika Philadelphia Machi 1783 akiwa na amani na fedha katika meli moja. Waziri wa mambo ya nje wa Kongresi, Robert Livingston, aliwaandikia wajumbe kuwakemea kwa usiri wao, hasa kile kifungu cha Florida. Nao wakaandika kujitetea kwa urefu. Fedha zenyewe hakuna aliyependekeza zirudishwe.

Mkataba wa deni lililotangulia hilo, wa Julai 1782, ulikuwa wa kirafiki sana: riba ya asilimia tano, malipo kwa awamu kumi na mbili, na riba ya miaka ya vita mfalme akaisamehe. Kukopa harusi, kulipa matanga, na safari hii matanga yalikuwa ya mkopeshaji. Vergennes alikufa Februari 1787, hazina ikiwa hoi. Louis XVI alikatwa kichwa Januari 1793, na Marekani ilikuwa bado inadaiwa. Deni lilifungwa 1795 na mfanyabiashara wa Boston, James Swan, aliyelibadilisha kuwa hati za deni za ndani ya Marekani na kuziuza sokoni huko. Mwaka 1808 Swan mwenyewe alikamatwa Paris kwa deni ambalo alisema halimhusu. Alikuwa na uwezo wa kulilipa. Akakataa, akakaa gerezani Sainte-Pélagie miaka 22, hadi mapinduzi ya 1830 yalipofungua milango.